Zulia Lililolowa Likaushwe Kuanzia Chini

Zulia lililolowa hukauka juu kwanza, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mtu hupitisha kiganja juu ya nyuzi, akaridhika, akarudisha makochi mahali pake, ilhali mgongo wa zulia, sponji iliyo chini yake na sakafu ya saruji bado ni vibichi. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo, kwani katika joto letu la Mwanza huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa miaka mingi nimeshughulikia mazulia ya nyumbani kwetu Kirumba na ya msikiti wa mtaani, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba ukavu wa zulia hupimwa upande wa chini.

Kabla ya kukausha chochote, jiulize maji yametoka wapi. Maji ya bomba lililopasuka au ya kuoshea ni safi, na zulia litapona likiwahiwa siku hiyo hiyo. Maji ya mafuriko ni habari nyingine kabisa. Mto Mirongo unapofurika huingia majumbani na uchafu wa mitaa yote uliyopita, na Ziwa Victoria lilipopanda kupita kawaida mwaka 2020 na tena mwaka 2024, maji yaliyoingia katika nyumba za kando hayakuwa ya kuaminiwa hata kidogo. Maji ya namna hiyo yahesabiwe kuwa yamechanganyika na ya vyooni. Sponji itupwe bila kusitasita, na zulia nene lililobandikwa sakafuni litupwe pia. Najua kwamba zulia ni mali iliyonunuliwa kwa jasho, lakini mtoto anayetambaa juu yake ataweka mikono mdomoni kabla hujamwona, na mwenye pumu atakosa usingizi kwa sababu ya kuvu usiyoiona. Atakayelitoa avae mabuti ya mpira na glavu, kwa kuwa mkojo wa panya uliomo katika maji hayo unaweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022. Umeme nao uzimwe kwenye swichi kuu kabla mtu hajakanyaga maji, mradi swichi yenyewe inafikika pakavu.

Kazi ya kwanza ni kuyatoa maji, maana upepo peke yake hauwezi kukausha zulia linalochuruzika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo zulia la sebuleni lililolowa halibebwi na mtu mmoja. Likamue kwa kulisukuma kwa ubao laini au mpira wa kukaushia sakafu, ukifuata upande ambao nyuzi zinalalia, kisha lizungushe na ulisimamishe wima ukutani ili maji yashuke yenyewe. Vituo vingi vya kuoshea magari huosha mazulia pia, na kama kituo kina mashine ya kunyonya maji, ni heri kulilipia zulia linyonywe kuliko kulirudisha nyumbani likiwa linadondosha.

Baada ya hapo ni hewa, nayo lazima ipite pande zote mbili. Wakaushaji wa dagaa wa pwani za ziwa wanalijua jambo hili vizuri: dagaa wa kwenye kichanja hukauka vyema kuliko waliotandazwa mchangani, kwa kuwa upepo unawapitia chini. Zulia nalo lining'inizwe juu ya nguzo mbili zilizoachana kidogo, mgongo ukielekea jua, ili rangi isipauke. Sisi wa Mwanza, Jiji la Miamba, tunayo na mawe yetu, ambayo yakishapata jua huendelea kutoa joto hadi jioni. Yafagiliwe tu, na zulia ligeuzwe mara kwa mara.

Zulia lisilotoka chumbani linyanyuliwe kingo na kuegemezwa juu ya matofali, na feni ielekezwe chini yake, si juu, huku waya wake ukiwa mbali na maji. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe mchana jua linapowaka na upepo wa ziwani unapovuma, na yafungwe mvua inaponyesha, kwa kuwa hewa ya wakati huo huongeza unyevu. Naomba sana mtu yeyote asiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba ili kuharakisha ukaukaji. Moshi usioonekana wa mkaa huua, na walio ndani hawasikii harufu yoyote.

Nyumba nyingi zina kapeti la plastiki chini ya zulia. Hilo huziba unyevu wa saruji kwa wiki kadhaa, kwa hiyo liondolewe kabisa. Ili kujua kama sakafu imekauka, bandika kipande cha plastiki angavu sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone au saruji imekuwa nyeusi chini yake, subiri.

Zulia la sufu lisitiwe klorini, kwani huharibu nyuzi, na la mkonge lisiloweshwe tena kwa kuoshwa, kwa kuwa husinyaa na kutoka madoa. Klorini isichanganywe kamwe na siki wala na dawa ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Wakati wa kurudisha samani, weka vipande vya plastiki chini ya miguu ya chuma au ya mbao iliyopakwa rangi, ili kutu na rangi visiingie katika nyuzi iwapo zimebakiwa na unyevu kidogo, na uendelee kukunjua kona moja kila asubuhi kuinusa, hadi harufu ya uvundo iwe imekwisha kabisa.