Dada wa Kisauni, hiyo 30 uielewe kwanza

Dadangu, umesema muuguzi alikupima kilo 78, urefu sentimita 160, akakwambia BMI yako (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ni 30 na umenenepa kupita kiasi. Sasa shoga yako anakushawishi ununue chai ya kupunguza tumbo pale Marikiti. Pole, lakini chai hiyo iache huko huko. Nyingi zinaharisha tu: utatoka maji, mafuta yabaki yalipo.

Hesabu yenyewe: urefu wako kwa mita, 1.6 mara 1.6 ni 2.56, gawa kilo 78 kwa hiyo, unapata 30.5. Kawaida ni 18.5 hadi chini ya 25, na 30 kwenda juu ndiyo unene wa kupindukia. Ila ulivua viatu? Mimi niliwahi kupimwa na mkoba begani, nikaongezewa kilo mbili za bure!

Halafu chukua tepu ya fundi cherehani ujipime kiuno. Kwa mwanamke, ikipita sentimita 80 hatari ya kisukari na presha huanza kupanda. Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya, na mzani hauyatofautishi na misuli.

Mimi nilianzia kwenye mahamri, kutoka manne hadi mawili (mbaazi sikuziacha, siwezi), na jioni natembea kule ufukweni Mama Ngina. Nimepungua kilo nne kwa miezi mitano.

Kama una mimba, hesabu hii haikufai. Na ukiona kiu isiyokatika, kukojoa kila saa au macho kuingia ukungu, nenda kesho ukapimwe sukari na presha, usingoje upungue kwanza.