Jibu: Kwa nini miaka ya Wickersham bungeni inarukaruka?

Salaam ndugu. Kwa ile insha yako, umeuliza mbona James Wickersham, mjumbe wa Alaska, anaonekana ametoka Kongresi ya Marekani 1917, kisha anaibuka 1919 na 1921, ilhali kwenye matokeo alishindwa. Nami nilikwama hapo hapo nilipokuwa naandaa somo.

Kwanza tenganisha aliyetangazwa mshindi na aliyeishia kukalia kiti. Mwaka 1916 alitangazwa Charles Sulzer. Wickersham, wakili aliyeijua sheria vilivyo, akapinga mbele ya Baraza la Wawakilishi lenyewe, akapewa kiti Januari 7, 1919, muhula ukiwa umebakiza chini ya miezi miwili. Uchaguzi wa 1918 akatangazwa Sulzer tena, akafariki 1919, nafasi ikaenda kwa George Grigsby. Wickersham akapinga tena. Akakabidhiwa kiti Machi 1, 1921, na muhula ukaisha Machi 3. Siku tatu! Mie namheshimu sana kwa kutokata tamaa kule.

Halafu usimwandike kama mbunge kamili. Alaska ilikuwa bado si jimbo, hivyo mjumbe wake alikuwa na sauti bungeni, hakuwa na kura. Ndiyo maana sheria ya 1912, aliyoipigania hadi Alaska ikapata baraza lake la kutunga sheria, ipe aya ndefu kuliko chaguzi zote.

Ujaji wake ulioanza 1900 kule Eagle, kando ya mto Yukon, uguse kidogo tu: alisafiri kwenda kusikiliza kesi kwenye theluji kwa kigari cha kuvutwa na mbwa. Sijui mwalimu wako anataka kurasa ngapi, ila hilo usiliache.