Kama Unarundika Nakala za Katuni Moja, Tuzungumze

Mtu akiniambia ana nakala thelathini za kitabu kimoja cha katuni, toleo lilelile, namba ileile, simshangai. Namuuliza swali moja tu: unazo ili uziuze, au unazo kwa sababu unazipenda? Wengi hujibu "vyote viwili", na matatizo huanzia hapo. Rundo la kuuza na rundo la mapenzi hayanunuliwi kwa namna moja, hayatunzwi kwa namna moja, wala hayavunjwi kwa namna moja.

Mimi ni wa mapenzi. Nina sanduku zima la toleo moja la kampuni ya Marvel la miaka ya 1980 ambalo halina shujaa yeyote wa kutajwa, na ambalo wauzaji wengi hulitia kwenye kapu la bei ya chini bila hata kulitazama. Marafiki wamekwisha kuzoea kunitafutia. Ila nimekaa miaka mingi karibu na wale wa kuuza, na baadhi yao nimewasaidia kupakua masanduku yao na kutafuta wateja. Kwa hiyo nianze nao.

Ushauri wangu kwao ni mfupi: msilangue.

Kisa kinachowaponza karibu wote ni cha Action Comics namba 1, iliyomleta Superman mwaka 1938. Iliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ilinadiwa kwa dola milioni 6. Mtu akisikia hivyo anakwenda kununua katuni mpya kumikumi na kuzifungia kabatini. Hajiulizi ni nini kilichozifanya za 1938 ziwe adimu. Jibu ni kwamba hazikutunzwa. Watoto walizisoma mpaka zikachanika, wazazi wakazitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wamarekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na katuni nyingi zikaenda humo. Uadimu ule ni kazi ya mamilioni ya watu waliodhani wameshika takataka. Sasa wewe ukitunza nakala tano, na mwenzako tano, na kila mnunuzi akafanya hivyohivyo, mtauziana nini baada ya miaka thelathini? Kila mmoja wenu atakuwa ameketi juu ya kitu kilekile.

Si jambo la kukisia, limeshatokea. Mwaka 1991 Marvel ilitoa X-Men namba 1, ya Chris Claremont na mchoraji Jim Lee, yenye majalada matano tofauti, na nakala zaidi ya milioni 8 zikaagizwa. Mwaka huohuo X-Force namba 1 ilitoka ndani ya mfuko uliofungwa, na ndani ya kila mfuko kadi moja kati ya tano. Aliyetaka kadi zote alinunua katuni ileile mara tano. Novemba 1992 ikaja Superman namba 75, ile ya kifo chake, ndani ya mfuko mweusi wenye kitambaa cha msiba cha kufunga mkononi. Watu walinunua moja ya kusoma na nyingine, au nyingine kadhaa, za kuweka bila kufungua.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Zile milioni 8 zilikuwa oda za maduka, na si idadi ya wasomaji. Maduka maalumu ya katuni yalinunua kwa punguzo kwa sharti la kutorudisha bidhaa, hivyo ambacho hakikuuzika kilibaki kwenye maboksi nyuma ya duka, safi, hakijaguswa. Ukifikiri wewe ndiye mlanguzi pekee, kumbuka kwamba duka lililokuuzia nalo lilikuwa na boksi lake. Kabla muongo haujaisha maduka mengi yalikuwa yamefunga, na Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Desemba 1996. X-Men ile unaipata leo kwenye makapu ya bei ya chini kabisa, inang'aa kama imetoka mtamboni jana.

Wala kizazi cha 1991 hakikuwa cha kwanza. Howard the Duck namba 1, mwaka 1976, ilinunuliwa na walanguzi kwa maboksi kabla wasomaji wa kawaida hawajaiona. Bado ni katuni rahisi kupatikana.

Huwa najibiwa: na The Walking Dead je? Kweli, namba 1 ya mwaka 2003 ilichapwa nakala elfu saba na ushei tu, na leo ni ghali. Lakini ilichapwa chache kwa sababu hakuna aliyeitarajia chochote. Siku katuni inapotangazwa kuwa ni ya kuwekeza, mchapishaji naye amesikia, na ataongeza nakala mpaka kiu iishe. Zile zinazokuja kupanda huwa zimelala mahali ambapo hukuwa unatazama.

Basi, kama bado upo na hujakasirika, tuje kwa wapenzi.

Kwanza, chagua toleo la bei rahisi. Hili silisemi kwa ubahili. Ukichagua katuni ya gharama, kila nakala mpya inakuwa uamuzi mzito, na raha ya kuokota nyingine kwa senti chache inapotea. Pili, chagua iliyochapwa kwa wingi. Kuna katuni za wasanii wanaojichapishia wenyewe, nakala mia mbili au tatu, kila moja ikitafuta msomaji wake. Kuzishika hizo ishirini ni kumnyima msanii wasomaji kumi na tisa, na wao ndio wangenunua kitabu chake kinachofuata. Sioni utetezi wa hilo, hata mtu aseme anaipenda kiasi gani.

Tatu, na hapa ndipo utamu ulipo, jifunze kuzitofautisha. Asiyewahi kuweka nakala nyingi pamoja hudhani zinafanana. Zipange kumi mezani kwa safu. Utaona katika moja rangi nyekundu imesogea nje ya mstari, kwa sababu kila rangi ilipigwa kwa bamba lake na bamba hilo halikukaa sawa. Nyingine imekatwa mshazari, jalada limeegemea upande mmoja. Kwenye kona ya chini, nyingine ina mistari ya msimbo wa bei, maana ilikwenda kwenye vibanda vya magazeti, na jirani yake ina kijipicha cha shujaa mahali hapohapo, maana ilikwenda kwenye maduka ya katuni. Za Uingereza zina bei kwa peni. Kati ya 1982 na 1986 Marvel ilichapa nakala zenye bei ya juu zaidi kwa ajili ya Kanada. Zipo hata zilizotiwa matangazo ya sonara katikati, kwa karatasi nene, ambazo nyingi ziliuzwa kwenye kambi za jeshi la Marekani. Kitabu ni kilekile, hadithi ileile, lakini kila nakala imepita njia yake.

Halafu kuna mikono ya watu. Mihuri ya tarehe iliyogongwa na wauza magazeti. Majina ya watoto yaliyoandikwa kwa kalamu ya mpira kwenye ukurasa wa kwanza. Ninayo nakala ambayo mwenyewe alimchorea adui masharubu katika kila picha, bila kuruka hata moja, na kadiri kurasa zinavyosonga anazidi kuwa fundi. Mnunuzi wa kawaida angeiita mbovu. Kwangu ndiyo ya mwisho kutoka mlangoni.

Jicho hili la kutofautisha lina faida hata ya fedha. Mwaka 1977 Marvel ilijaribu bei ya senti 35 katika miji michache wakati kwingine kote ilikuwa 30. Star Wars namba 1 yenye bei hiyo ya majaribio ni miongoni mwa katuni zinazosakwa sana za miaka hiyo. Lakini chapa za baadaye za toleo hilo nazo zinaonyesha senti 35, kwa hiyo bei peke yake isikudanganye. Tazama kisanduku cha msimbo, kisha usome maandishi madogo ndani. Aliyezoea kulinganisha nakala na nakala huiona tofauti haraka. Aliyeshika moja maishani hana cha kulinganishia.

Jingine: hesabu kurasa. Kila mara, hata kwa ya senti chache. Hulk namba 181 ya mwaka 1974, ambamo Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza, ilikuwa na stempu ndani ya kukata na kubandika. Watoto wa wakati ule walikata, kama walivyoambiwa. Nakala isiyo na stempu huporomoka bei vibaya, na kwa nje huwezi kujua. Katuni nyingi za miaka hiyo zina kuponi au stempu za aina hiyo.

Sasa uhifadhi, ambao watu huuzungumzia kwa masaa na mimi nitaupitia upesi. Karatasi ni nzito: nakala mia moja zenye mifuko na kadibodi zake zinakaribia kilo kumi, kwa hiyo masanduku madogo mengi ni bora kuliko moja kubwa litakalokuvunja mgongo. Zisimame wima, zibanane kiasi cha kutopinda, zisikae chini sakafuni. Unyevu ndio adui mkuu, maana pini hushika kutu na kutu hutafuna karatasi. Mwanga wa jua hufifisha jalada. Kadibodi iwe isiyo na asidi, la sivyo itageuza rangi kile inachokilinda. Mifuko ya plastiki ya kawaida huchoka na inahitaji kubadilishwa baada ya miaka. Ya Mylar, aina ya plastiki imara, hudumu zaidi, lakini bei yake inaweza kukaribia bei ya katuni yenyewe. Mimi nakala chache nilizozichagua nimezitia Mylar, na zilizobaki naweka mbili katika mfuko mmoja, migongo ikitazamana, kadibodi katikati. Wapo watakaokasirishwa na hilo. Ni vitabu vya kapu, jamani.

Tena, kabla hujanunua vifaa vya gharama, mkumbuke Edgar Church. Maelfu ya katuni zake zilikutwa mwaka 1977 nyumbani kwake, jimbo la Colorado, na hadi leo ni kati ya zilizohifadhika vizuri kuliko zote zinazojulikana. Hazikuwa na Mylar. Zilikuwa zimepangwa marundo gizani, kwenye hewa kavu ya nchi ya milimani, bila kuguswaguswa.

Kuhusu kupeleka nakala zikapewe daraja la ubora na kufungwa kwenye plastiki ngumu, kazi ambayo kampuni ya CGC inaifanya tangu mwaka 2000 kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10: kwa rundo la katuni moja ya kawaida, usifanye. Unalipa kwa kila nakala, na ikishafungwa huwezi tena kuifungua ukasoma bila kuharibu ulicholipia. Peleka moja iliyo safi kupindukia, kama moyo hautatulia.

Rundo lako lisiwe na mwisho, lakini liwe na mpaka. Mpaka wangu ni sanduku. Likijaa, nakala mpya huingia kwa kumtoa mwenzake, na hapo ndipo unapojua unachokipenda hasa, kwa sababu inabidi uchague. Zinazotoka nagawa. Mtoto wa rafiki anayeanza kusoma, mgonjwa anayetaka kitu chepesi, mgeni aliyesahau kitabu nyumbani. Hakuna kitabu kinachogawika kwa moyo mweupe kama kile ambacho una nakala zake nyingine.

Ukiamua kuuza, usimwage zote kwa pamoja. Nilimsaidia mtu mmoja aliyekuwa ameziorodhesha nakala zake zote mtandaoni kwa wakati mmoja. Wateja waliona utitiri ule na kila mmoja akasubiri bei ishuke, ikashuka. Tulizitoa zote sokoni, tukawa tunaweka moja, ikiondoka tunaweka nyingine. Ilichukua muda, lakini hakuwa tena akishindana na nafsi yake. Njia nyingine ni kuichanganya: nakala moja ndani ya furushi la katuni nyingine za aina hiyo, ambapo mnunuzi anaiona kama nyongeza nzuri.

Na mwambie mtu nyumbani. Warithi wakikuta masanduku yamejaa katuni moja, watafanya moja kati ya mawili: watayatupa siku ya kwanza, au watadhani wamepata utajiri na kuanza kuzunguka kwa wathamini. Juu ya sanduku langu nimeandika kwa kalamu nene: "Hizi zote ni toleo moja. Hazina bei kubwa. Yenye masharubu apewe mdogo wangu, nyingine gaweni."