Maswali na majibu: Santuri kuukuu za hevi metali

Wiki hii wapenzi wa magitaa makali mmeniandikia kwa wingi. Nayachukua machache.

Nimenunua *Paranoid* ya Black Sabbath. Muuzaji anasema ni toleo la kwanza kwa sababu jalada limeandikwa 1970. Nimepigwa? (Msomaji, Area C)

Huenda. Mwaka ulio kwenye jalada ni wa albamu kutoka, si wa santuri yako kutengenezwa, na matoleo ya marudio hubeba mwaka uleule. Tena majalada huhamishwa: santuri ya marudio huvikwa jalada la zamani na bei ikapanda.

Itoe, utazame lebo, ile karatasi ya duara katikati. Za mwanzo za Uingereza, Septemba 1970, zina lebo ya kampuni ya Vertigo yenye msokoto wa weusi na weupe, ambao santuri ikianza kuzunguka utakutia kisunzi. Msokoto umejaa upande wa kwanza, na nyimbo za pande zote mbili zimeorodheshwa upande wa pili. Baadaye Vertigo walihamia kwenye lebo ya vyombo vya anga za juu, kisha kampuni ya NEMS nao wakairudia albamu kwa lebo yao. Ya Marekani ni ya Warner Bros., nayo ilitoka Januari 1971.

Halafu washa tochi ya simu, uilaze ili mwanga upite kwa ubavu. Pale palipo laini, kati ya wimbo wa mwisho na lebo, utaona namba. Kwa Vertigo ya Uingereza tarajia 6360 011, kisha 1Y au 2Y kutegemea upande, mistari miwili ya mshazari na tarakimu. Tarakimu hiyo inaonyesha mifereji ya sauti ni ya mchongo wa ngapi. Ikiwa ndogo, mchongo ni wa mapema. Ukikuta NEMS, mrudie muuzaji, ila kwa upole. Wengi hawajui wanachouza.

Kwa nini *Kill 'Em All* yangu ya Metallica ina nyimbo 12 na ya shemeji ina 10? (Kizota)

Yako ni ya kampuni ya Elektra ya 1988, walioongeza "Am I Evil?" na "Blitzkrieg". Ile ya Megaforce ya 1983 ina 10. Mwambie shemeji asiiache ovyo mezani. Na usishangae yako ikisikika chini kidogo: dakika zikizidi kwenye upande mmoja, mifereji hubanwa na sauti hupungua.

Kuna mtu mtandaoni anauza *Ride the Lightning* ya Metallica yenye jalada la kijani. Ni feki? (Mpwapwa)

Za kijani zipo kweli. Bernett Records ya Ufaransa walikosea rangi, bluu ikatoka kijani, na leo zinasakwa sana. Ndiyo maana zinaigwa. Omba picha ya lebo na ya zile namba. Akikutumia ya jalada tu, hifadhi hela yako.

Nazisafishaje? Vumbi la hapa limenishinda. (Ipagala)

Usitumie maji ya bomba. Mnaoishi Dodoma mnayajua, angalia tu masufuria yenu: yakikauka, chumvi hubaki, na kwenye mfereji chumvi hulia kama mahindi yanayokaangwa. Nunua maji ya betri, yale yaliyoondolewa chumvi, na usome chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko, suuza kwa maji yaleyale. Lebo isilowe. Kausha kivulini zikiwa zimesimama, na usiziache ndani ya gari mchana, zitapinda.

Hapa Dodoma nizitafute wapi? (UDOM)

Hevi metali, mdogo wangu, si rahisi. Kwenye makabati ya wazee utakuta rumba, kwaya na Jim Reeves. Mimi ningeelekeza macho Zambia: miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga gitaa zito lililokwaruzwa, jirani kabisa na Sabbath. Za asili ni ghali mno, lakini zimerudiwa vizuri siku hizi. Nami huchukua ya marudio iliyo safi kabla ya toleo la kwanza lililochubuka, ingawa wakusanyaji wenzangu hununa nikisema hivyo.