Maswali ya Wasomaji: Kuirudia San Andreas

Barua kadhaa za toleo hili zimetoka kusini, na zote zinahusu gemu moja: Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka kwa PlayStation 2 Oktoba 2004 na kwa kompyuta Juni 2005. Tumeziweka pamoja kwa sababu kasoro nyingi zinazolalamikiwa hazimo kwenye gemu yenyewe. Zinatokana na mashine inayoiendesha.

Ndugu mhariri, habari za kazi. Nimeirudia San Andreas kwenye kompyuta mpakato mpya. Kipanya hakizungushi kamera, CJ, mhusika mkuu, anaogelea kama amefungwa jiwe, na kwenye misheni ya gari la kudunda nabonyeza kila kitufe bila mafanikio. Je, nakala yangu ni mbovu? – Msomaji, Shangani, Mtwara

Nzuri, ndugu yetu. Nakala yako ni nzima. Una matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na kipanya. Fungua Documents, kisha folda ya GTA San Andreas User Files. Humo kuna faili linaloitwa gta_sa.set, linalotunza mipangilio ya picha na vitufe. Mara nyingi watu hunakili folda yote kutoka kompyuta ya zamani, na mipangilio ya zamani huja nayo. Funga gemu, futa faili hilo, kisha washa gemu tena, litaundwa jipya. Usiguse mafaili yanayoanza na GTASAsf, kwa maana hayo ndiyo seivu zako. Gemu ina nafasi 8, kuanzia GTASAsf1.b hadi GTASAsf8.b. Yanakili kwenye flashi kabla hujafuta chochote.

Kuogelea ni suala la Frame Limiter, yaani kidhibiti cha idadi ya picha kwa sekunde, ambayo utaikuta kwenye mipangilio ya picha. Ikiwa imewashwa, toleo la kompyuta huenda kwa takriban picha 25 kwa sekunde. Watu huizima ili picha iteleze vizuri, na kompyuta za leo zinaweza kufika 100 na zaidi. Shida ni kwamba baadhi ya mienendo, kuogelea kukiwemo, imefungwa kwenye hesabu ya picha na si kwenye saa. Picha zikiongezeka, hesabu inavurugika na CJ anapiga mbizi bila kusogea. Iwashe na uiache hivyo. Macho yatalalamika siku ya kwanza, baadaye yanazoea.

Gari la kudunda la misheni ya Cesar Vialpando hupokea amri kwa namba za upande wa kulia wa kibodi, na kompyuta mpakato nyingi hazina namba hizo. Nenda Controller Setup, chagua vitufe vya gari, tafuta mistari minne inayoanza na Special Ctrl, uipe herufi I, J, K na L. Usiiruke hatua hii hata kama wewe si mpenzi wa magari ya kudunda: misheni hiyo ni ya lazima, na vitufe hivyohivyo utavihitaji tena kugeuza injini za ndege ya kivita ya Hydra.

Tuna PS2 ile nene iliyokaa kabatini miaka mingi. Inawaka, lakini diski ya San Andreas haisomi. Fundi anataka kubadilisha lenzi. Tumkubalie? – Familia, Mitandi, Lindi

Msikubali bado. Fanyeni kwanza jaribio moja lisilo na gharama: tafuteni diski ya PS2 yenye mgongo wa buluu. Hizo ni CD, wakati San Andreas ni DVD yenye mgongo wa fedha. Mashine husoma aina hizi mbili kwa miale tofauti. Ikisoma ya buluu na kuikataa ya fedha, mwale wa DVD umechoka na fundi ana hoja. Ikizikataa zote mbili, tatizo linaweza kuwa uchafu tu, hasa kwa nyumba iliyo karibu na bahari, ambako unyevu na chumvi huganda juu ya lenzi pamoja na vumbi.

Chomoeni waya wa umeme, fungueni mfuniko, kisha pangusa lenzi taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo spiriti safi ya kusafishia vifaa. Msikandamize, maana lenzi imeshikwa na nyaya laini sana. Acheni ikauke kabisa. Diski nayo pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni. Kuzungusha huongeza mikwaruzo inayofuata njia ya data.

Jambo jingine: someni kibandiko cha nyuma. Mashine iliyoletwa kutoka Japani ni ya volti 100, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 itaungua.

Shikamooni. Misheni ya treni ilinishinda nikiwa mdogo na bado inanishinda. Ya pili ni ya Zero, ndege inaishiwa mafuta. – Kijana, Masasi

Marahaba. Kwenye treni, kosa la wengi ni kuisogelea mno. Watu 4 wa genge la Vagos wamesimama juu ya paa. Ukiibana treni kwa pikipiki, bodi ya behewa inamkinga adui na risasi za Big Smoke, mwenzako aliyepanda nyuma yako, zinaishia kwenye chuma. Vuka uende upande wa kulia wa treni, acha nafasi ya kutosha kati yenu, kisha enda nayo sambamba kwa mwendo uleule, ukiwa usawa na behewa la mtu unayemlenga. Smoke atapiga mwenyewe. Kazi yako ni kutoyumba.

Misheni ya Zero, Supply Lines, inataka uwaangamize wabebaji 5 kwa kindege kidogo. Mafuta yanapungua pale tu unapobonyeza kitufe cha mwendo. Panda juu, kiachie, kindege kiteleze chenyewe, bonyeza tena kikianza kushuka. Bakiza mafuta ya kurudi juu ya paa la Zero, maana wengi huanguka wakiwa wamekwisha maliza wote watano. Kama hasira zinakupanda, fahamu kwamba misheni za Zero hazihitajiki kumaliza hadithi. Zinadaiwa tu na anayetaka asilimia 100.

Toleo lililoboreshwa la 2021 lina maana? – Msomaji, Nachingwea

Kwa anayeirudia, bado tunapendekeza la zamani, kama mashine inaliendesha. Toleo la 2021 linadai RAM ya angalau 8 GB, na lilitoka likiwa na kasoro nyingi. Masasisho ya Novemba 2024 yaliliboresha sana, na lina fadhila moja kubwa: ukishindwa misheni huendeshi tena gari kutoka mwanzo. Ila nyimbo kadhaa za redio hazimo, kwa sababu leseni zake ziliisha.

Nikianza misheni ya Madd Dogg, yule rapa wa kudakwa kwa lori akijirusha kutoka juu ya jengo, anajirusha kabla sijafika. Nimejaribu hadi nimechoka. – Msomaji, Newala

Uliwahi kutumia chiti (neno la siri la kubadili gemu) ya kuwafanya wapita njia wafanye ghasia, kisha ukaseivu. Chiti za kundi hilo huingia ndani ya seivu na hazitoki, na ndizo zinazomfanya Madd Dogg ajirushe mara moja. Hakuna ufundi wa kuendesha lori utakaomwahi. Rudi kwenye seivu ya kabla ya chiti. Kama huna, itabidi uanze upya. Chiti ya HESOYAM, inayotoa afya, deraya na dola 250,000, haina madhara hayo. Ukitaka kuchezea ghasia za mtaani, seivu kwanza kwenye nafasi ya pembeni, furahi upendavyo, kisha zima gemu bila kuseivu tena.