Kabla ya kuuliza kiasi cha ruzuku, uliza imefungwa na nini

Vikundi vya utetezi vinavyoniletea maandiko yao niyapitie kabla hayajaenda kwa wafadhili wa Marekani huniuliza karibu kitu kilekile: huyu hutoa kiasi gani? Swali ni la haki, maana kodi ya ofisi haisubiri mtu. Lakini katika kazi ya hesabu na uandishi wa maombi ya ruzuku kwa asasi za wahamiaji na wapangaji huko, nimeona dola 40,000 zisizo na masharti zikifanya kazi ambayo dola 150,000 zilizofungwa kila kona hazikuiweza. Kwa hiyo mimi huanza kwingine. Fedha hii inatoka mfuko wa namna gani, na imefungwa na nini?

Watu huwataja wafadhili hawa kwa mkupuo, "wale wa mrengo wa kushoto", kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Ford Foundation, iliyoanzishwa 1936, ni wakfu binafsi: mali imewekezwa, na sheria inautaka utoe kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali hiyo. Tides Foundation, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1976, ni taasisi ya hisani ya umma. Hukusanya kwa watoaji wengi, na mtoaji anaweza kuweka fedha leo, akapata nafuu yake ya kodi, halafu akashauri baadaye ziende kwa nani. Kisha kuna mifuko midogo iliyozaliwa miaka ya 1970, kama Haymarket People's Fund ya Boston, Liberty Hill ya Los Angeles na North Star Fund ya New York. Nyuma yake walikuwapo vijana waliorithi mali wakaona si sawa wao peke yao waamue nani apewe, wakaziachia kamati za wanaharakati kazi hiyo. Ukiomba kwa mifuko ya namna hii, anayesoma andiko lako huenda wiki iliyopita alikuwa barabarani na bango. Maneno makubwa ya kiofisi hayamsaidii, wala hayakusaidii wewe.

Tofauti ya kwanza kati ya mifuko hii imo katika sheria, na ina historia yake. Mwaka 1967 Ford iliipa ruzuku CORE, chama cha haki za watu weusi, kwa kazi zake za Cleveland, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuandikisha wapiga kura. Mwaka huohuo Carl Stokes akachaguliwa meya, Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza jiji kubwa kiasi hicho. Wanasiasa wengi huko Washington waliona matajiri wanatumia fedha zilizosamehewa kodi kuchezea chaguzi. Sheria ya kodi ya 1969 ikaja na adhabu: wakfu binafsi ukitoa fedha zilizotengwa kwa ajili ya kushawishi wabunge kuhusu sheria fulani, unatozwa kodi kwa fedha hizo. Hadi leo mikataba mingi ya ruzuku ina sentensi inayosema kwamba hakuna sehemu ya ruzuku iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Hiyo sentensi ndiyo inayotisha watu bure. Imekataza wakfu kutenga. Haijakukataza wewe kushawishi. Kama asasi yako ni ya hisani ya umma, wenyewe huziita 501(c)(3), na umepewa ruzuku ya uendeshaji wa jumla, basi fedha hiyo ni yako kuitumia kwa kazi yoyote halali ya asasi, ikiwemo kumtuma mtu akaongee na wabunge, ilimradi hujavuka kikomo chako cha ushawishi, ambacho nakifikia hapa chini. Wapo wafadhili wanaoongeza katazo lao wenyewe juu ya lile la sheria, wakiandika kwamba fedha isitumike kabisa kwa ushawishi. Hilo ni pendekezo la mwanasheria wao mwoga, na mara nyingi ukiomba liondolewe linaondolewa. Mimi huomba kabla ya kusaini, kwa barua fupi isiyo na lawama. Mkataba ukishasainiwa huna tena nguvu hiyo.

Ruzuku ya mradi ina hesabu yake, na inafaa kuiona kwenye karatasi. Dada mmoja anayeongoza kikundi cha wahamiaji California aliniwekea bajeti mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa nauli na posho. "Kaka, hii tunaweza kumlipa anayekwenda Sacramento kuonana na wabunge?" Mradi wote ulikuwa dola 200,000, na humo dola 40,000 zilikuwa za kushawishi kuhusu muswada. Jibu ni kwamba wakfu binafsi unaweza kuchangia mradi huo hadi dola 160,000, yaani kiasi kisichozidi gharama za mradi zisizo za ushawishi, bila kuvunja sheria. Zile 40,000 zinazobaki atazitafuta kwingine: michango ya wanachama, taasisi ya hisani ya umma, chakula cha hisani. Tulichofanya jioni ile ni kuigawa bajeti safu mbili, ushawishi huku, mengine kule, kwa sababu mfadhili ana haki ya kuitegemea bajeti uliyompa. Bajeti isiyotenganisha inamfanya afisa programu wa mfadhili aogope, na afisa akiogopa andiko linalala.

Kikomo cha asasi yenyewe nacho si fumbo. Tangu 1976 asasi inaweza kujaza fomu 5768 ya idara ya kodi, ikachagua kupimwa kwa tarakimu badala ya kipimo cha zamani cha "sehemu kubwa", ambacho hakuna anayejua kinaishia wapi. Ukichagua hivyo, unaruhusiwa asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yako ya mwaka, asilimia 15 ya 500,000 zinazofuata, na viwango vinapungua hivyo hadi kikomo cha dola milioni 1. Asasi inayotumia dola 600,000 ina nafasi ya dola 115,000. Robo ya hizo, dola 28,750, ndiyo mwisho wa zile za kuwaambia wananchi wawapigie simu wabunge wao. Kujaza fomu hakuchukui hata robo saa, na bado nakutana na asasi zilizofanya kazi miaka na miaka bila kuijaza. Sielewi kwa nini.

Tena kazi nyingi za utetezi haziingii kwenye hesabu hiyo kabisa. Kesi mahakamani haimo. Kuzungumza na idara ya serikali juu ya kanuni zake haimo. Utafiti unaoeleza pande zote kwa haki haumo, hata kama mwishoni una msimamo. Kinachotakiwa ni karatasi za saa za kazi zinazojazwa kila wiki, si kubuniwa mwezi wa mwisho. Kumpigia kampeni mgombea ni jambo jingine, hilo ni marufuku kwa 501(c)(3) na hakuna fomu ya kulihalalisha.

Sasa udhamini wa kifedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vikundi vichanga vingi huingilia mlango huu. Kikundi ambacho hakijasajiliwa, au kimesajiliwa lakini hakina hadhi ya msamaha wa kodi, hupokea ruzuku kupitia taasisi yenye hadhi hiyo. Tides Center, iliyotenganishwa na Tides Foundation mwaka 1996, inafanya kazi hiyo, na zipo nyingine nyingi. Mdhamini hukata ada, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 15 ya kila kinachoingia. Watu hugombana sana juu ya ada. Mimi naona ni sehemu isiyo na hatari: umeiona, umeikubali, umeiweka kwenye bajeti.

Hatari iko kwenye muundo. Kuna udhamini ambao kikundi chako kinakuwa sehemu ya mdhamini. Wafanyakazi ni wake, mikataba ni yake, akaunti ni yake, na jina lako ni mradi tu ndani ya nyumba yake. Kuna mwingine ambao kikundi kinabaki chombo chake na mdhamini anapokea ruzuku kisha anawapa nyinyi kama ruzuku. Katika ule wa kwanza mnapata mshahara unaolipwa kwa wakati, bima, na mhasibu anayejua kazi. Lakini kumbuka kile kikomo cha ushawishi. Kinahesabiwa kwa taasisi nzima, na hakizidi dola milioni 1 hata kama ina miradi mia. Maana yake mgao wenu wa ushawishi ni kipande cha kipande, na mkiuliza mwezi wa Oktoba mnaweza kuambiwa umekwisha. Swali hili liulizwe siku ya kwanza: mgao wetu ni kiasi gani kwa mwaka, na unaandikwa wapi?

Swali la pili ni la kuondoka. Tafuta kwenye mkataba kifungu kinachosema mkihama mnachukua nini. Fedha zilizobaki, orodha ya wachangiaji, jina, nembo, kompyuta, hata akaunti za mitandao ya kijamii. Vikundi nilivyovisaidia kuhama vilishinda au kushindwa kwa kifungu hicho. Kimoja kiliachiwa kila kitu ndani ya siku 90 kwa sababu mkataba ulitaja siku 90. Kingine mkataba ulisema "kwa muda unaofaa", na muda unaofaa ukawa karibu mwaka mzima, wakiomba ruhusa ya mdhamini hata kununua karatasi. La tatu, omba taarifa ya hesabu ya mradi wako kila mwezi na taarifa ya ukaguzi ya mdhamini kila mwaka. Wadhamini wamewahi kufilisika wakiwa na fedha za miradi ya watu, na fedha iliyochanganywa kwenye akaunti moja hairudi kwa kulia.

Mkishapata hadhi yenu wenyewe kuna mtego mwingine, nao huja na habari njema. Asasi ya hisani ya umma hutakiwa, kwa kipimo cha kawaida, kupata angalau theluthi moja ya mapato yake kwa umma, ikipimwa kwa miaka 5. Ruzuku ya mtoaji mmoja au wakfu mmoja binafsi huhesabiwa kama mchango wa umma hadi asilimia 2 tu ya mapato yote. Kwa hiyo ruzuku moja kubwa kutoka wakfu binafsi inaweza kuwaangusha kwenye kipimo. Fedha zinazopitia taasisi za hisani za umma kwa kawaida hazina kikwazo hicho. Mwambie mhasibu apige hesabu kabla ya kusema ndiyo. Wafadhili wazoefu wanalijua hili na hawachukii kusogeza malipo ya mwaka wa pili.

Ahadi nayo si fedha. Hii ni ya zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1922 kijana aliyeitwa Charles Garland alitoa urithi wake uanzishwe mfuko wa kusaidia vyama vya wafanyakazi na harakati. Mwaka 1930 mfuko huo ulikubali kuipa NAACP, chama kingine cha haki za watu weusi, dola 100,000 kwa kampeni ya kisheria dhidi ya ubaguzi. Soko la hisa lilikuwa limeshaporomoka, na kilichofika mwishowe kilikuwa sehemu ndogo tu. NAACP ilianza kwa hicho kidogo, na mstari huo wa kesi ndio uliofika hukumu ya Brown mwaka 1954, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Karibu na siku zetu, Atlantic Philanthropies ya tajiri Chuck Feeney, iliyofadhili utetezi wa nguvu kabisa, ilitangaza mapema kwamba itamaliza fedha zote, ikafunga mwaka 2020. Open Society Foundations za George Soros zilitangaza mwaka 2023 kupunguza si chini ya asilimia 40 ya wafanyakazi. Afisa uliyemzoea huondoka na kumbukumbu zake. Kila mazungumzo ya maana naye yafuatishie barua pepe ya mistari minne, ili atakayerithi faili akute kitu.

Usiwaogope maafisa hawa, lakini usiwachukulie ni marafiki tu. Kabla ya kikao fungua fomu 990-PF ya wakfu wao, ile taarifa ya kila mwaka kwa idara ya kodi, ni ya wazi kwa kila mtu, usome waliwapa kina nani na kiasi gani. Ukiona asasi za ukubwa wako hupewa dola 50,000, kuomba 300,000 ni kujichelewesha. Kwa taasisi za hisani za umma soma fomu 990 ya kawaida. Humo utaona nani kapewa, ila majina ya waliochangia nyuma yake hayawekwi wazi. Kama msimamo wa kikundi chako ni kujua kila senti imetoka wapi, amua mapema utafanyaje na hilo, maana adui wa kikundi atauliza.

Walio nje ya Marekani wana hatua ya ziada. Wakfu binafsi ukitaka kukupa ruzuku lazima ama upate hakikisho kwamba asasi yako inalingana na ya hisani ya Marekani, ama uchukue wajibu wa kufuatilia matumizi hadi senti ya mwisho. Njia ya kwanza ina karatasi nyingi mwanzoni kisha inatulia. Ya pili ni rahisi kuanza, lakini utaandika ripoti hadi uchoke, na fedha zikae kwenye hesabu yake pekee. Ukitarajia wafadhili zaidi ya mmoja, chagua ya kwanza.

Kuhusu ripoti, uliza siku mnaposaini kama watakubali ile uliyomwandikia mfadhili mwingine, ikiwa na kurasa mbili za ziada za fedha zao. Wengi hukubali, lakini ni wachache wanaolisema kabla hawajaulizwa.