Misioni ya Leipzig ilikuaje hadi ikafika Kilimanjaro?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Old Moshi wazee hulitaja jina la Leipzig kana kwamba ni kijiji cha jirani. Naomba kufahamu chama hicho cha misioni kilianzaje na kilikuaje, na kama ni kweli kwamba kazi yake ilikoma Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, chama hicho kiliundwa mjini Dresden, katika Saksonia, jimbo la Ujerumani, mwaka 1836, na Walutheri waliotaka wamisionari wao wabaki chini ya ungamo la Kilutheri. Mwaka 1844 Karl Graul akawa mkurugenzi, naye ndiye aliyekitoa katika udogo wake. Alitaka kiwe chombo cha Walutheri wa nchi nyingi, si cha Saksonia peke yake, na mwaka 1848 akakihamishia Leipzig ili wanaotumwa wasome karibu na chuo kikuu, kwa kuwa aliamini kwamba asiyeijua vizuri lugha na fikra za watu hana la kuwahubiria.

Shamba la kwanza lilikuwa nchi ya Watamil, kusini mwa India, ambako misioni ya watu wa Denmark na wa Halle, mji wa Ujerumani, ilikuwa imeanza Tranquebar mwaka 1706 na baadaye ikadhoofika. Graul mwenyewe alifunga safari ya India mwaka 1849, akajifunza fasihi ya Kitamil kwa bidii ya mwanazuoni. Heshima hiyo kwa desturi za wenyeji ilikuwa na upande wa giza: Leipzig ilivumilia matabaka ya kurithi ndani ya sharika, jambo ambalo misioni nyingine zililipinga vikali, na kwa maoni yangu hao waliopinga walikuwa na haki.

Kilimanjaro ilifikiwa mwaka 1893. Waanglikana walikuwa wameondoka Moshi mwaka uliotangulia, baada ya mapigano ya Mangi (mtawala wa Kichagga) Meli na jeshi la Wajerumani, na watu wa Leipzig wakaanzia Machame, kisha Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Haifai kusimulia habari hii kama maandamano ya shangwe. Mwezi Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, vijana wawili kutoka nchi za Baltiki, waliuawa Akeri, kwenye Mlima Meru, walipokwenda kufungua kituo. Jeshi la kikoloni likalipiza kisasi kwa kuwaua watu na kuharibu nchi ya Wameru na Waarusha. Kituo cha Nkoaranga kilifunguliwa mwaka 1902, katika nchi iliyokuwa bado na majonzi hayo.

Mwaka huohuo aliwasili Bruno Gutmann, ambaye jina lake bila shaka umelisikia Kidia, huko kwenu Old Moshi. Yeye alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, yaani juu ya vifungo ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari. Hata hivyo, mzigo wa kila siku waliubeba walimu wazalendo, waliofundisha watoto kusoma asubuhi na kuwaandaa watu kwa ubatizo, wakati mmisionari mmoja alikuwa na eneo asiloweza kulizunguka kwa miguu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Wamisionari wa Kijerumani walipofukuzwa mwaka 1920, walimu hao walibaki na sharika hazikutawanyika. Walutheri wa Sinodi ya Augustana, kanisa la Marekani, walikuja kusaidia, na Leipzig ikarudi katikati ya miaka ya 1920, hadi vita vya pili vilipowaondoa tena Wajerumani. India nako, wakati Wajerumani hawapo, Watamil waliunda kanisa lao mwaka 1919 wakisaidiwa na Waswidi. Kwa hiyo si kweli kwamba kazi ilikoma. Kilichokoma ni mazoea ya kuamuliwa kila jambo kutoka Ujerumani.

Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Stefano Moshi, mtoto wa mlima huohuo, akawa mkuu wake wa kwanza. Leipzig ingali na chombo chake cha misioni, kilichopita miaka migumu ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani ya Mashariki, na leo kinashirikiana na makanisa ya Tanzania, India na Papua Guinea Mpya kama kanisa na kanisa, kikipokea wageni kutoka huku kama kinavyowatuma wake.